Usibadili Gari, Badili Matairi: Vidokezo vya Gari Dogo Kwenye Theluji

Ikifika Oktoba, Mswahili aliyehamia Minneapolis, Winnipeg au Stockholm na kununua Yaris yake ya kwanza huanza kupokea ushauri asiouomba. Shemeji aliyetangulia kufika, rafiki wa kazini, mzee wa jumuiya: wote humwambia auze hicho kigari, atafute gari kubwa linalovuta magurudumu yote manne, la sivyo theluji itamtia mtaroni. Wanamtakia mema, lakini wanamwingiza kwenye deni lisilo la lazima. Akipata matairi manne yanayofaa, gari lile lile dogo litamfikisha kazini Februari kama lilivyomfikisha Juni.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu huku tunaingia kazini saa ambazo wenyeji bado wamelala: ghalani, hospitalini, kwenye nyumba za wazee, viwandani. Saa kumi alfajiri gari la kusukuma theluji huenda halijapita mtaani kwako, na chumvi iliyomwagwa jioni huwa imekwisha nguvu, kwani chumvi ya kawaida hufanya kazi kidogo sana joto likishuka nyuzi 10 chini ya sifuri. Saa hizo huna cha kutegemea ila tairi.

1. Kagua mpira kabla ya kashata

Tuliokulia kwenye matope ya masika tumezoea kutazama kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara. Zikiwa nene, zenye mianya mikubwa, tunasema tairi ni zima. Kwenye baridi hiyo ni nusu tu ya habari. Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa ili uvumilie lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, unaanza kukakamaa kama samli kwenye friji, na mpira uliokakamaa hauwezi kujikunja ukafuata vijishimo vidogo vya barabara. Unapita juu juu, unateleza. Mpira wa tairi la baridi umetengenezwa ubaki laini hata baridi ikiwa kali.

Zingatia kwamba nyuzi 7 ni juu ya sifuri. Usisubiri kuona theluji ndipo uanze kuhangaika. Asubuhi kavu ya Novemba, lami ikiwa baridi na jua limewaka, tairi la kiangazi tayari limeshapoteza sehemu ya uwezo wake wa kusimama.

Ukishaujua mpira, sasa inama utazame kashata. Kwenye tairi la baridi kila kipande cha kashata kimechanjwa mikato myembamba, mara nyingi ya kupindapinda. Tairi linapokanyaga, mikato hiyo hufunguka kidogo. Kingo zake huuma barafu, na nafasi iliyo ndani hunyonya ule utando wa maji unaoleta utelezi. Mianya mikubwa kati ya kashata ina kazi nyingine: hukamata theluji na kuishindilia. Theluji hushikamana na theluji vizuri kuliko inavyoshikamana na mpira, kwa hiyo tairi lililojaa theluji kwenye mianya halijaharibika, liko kazini.

2. Tafuta mlima kwenye ubavu wa tairi

Kwenye ubavu wa tairi kuna herufi na alama nyingi. Unayoitaka ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo ilianza kutumika Amerika Kaskazini mwaka 1999, na tairi haliipati mpaka lipimwe kwenye theluji na kufikia kiwango kilichowekwa.

Wengi hudanganyika na herufi M+S, yaani matope na theluji. Mtengenezaji huziweka kwa kutazama umbo la kashata tu, bila kipimo chochote cha barabarani. Tairi la misimu yote lililokuja na gari lako la Marekani huenda lina M+S na bado likakuacha katikati ya makutano taa ikiwa nyekundu. Muuzaji akikuonyesha M+S peke yake na kusema ni tairi la theluji, mshukuru, uende duka la pili.

3. Ijue baridi ya mji wako

Hapa ndipo watu hupoteza fedha zaidi, kwa sababu matairi ya baridi si aina moja. Kuna yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya ya kati: Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, ambako majira ya baridi ni mvua nyingi, rojorojo la theluji iliyoyeyuka nusu, na barabara kuu za mwendo wa kasi. Mpira wake ni mgumu kiasi na hutawanya maji vizuri. Halafu kuna yale ya nchi za kaskazini, kama Uswidi, Ufini na Norwei, na sehemu kubwa ya Kanada, ambako barafu hukaa barabarani wiki kwa wiki. Mpira wake ni laini zaidi na mikato ni mingi zaidi. Ukilitumia tairi hili la kaskazini kwenye barabara kuu ya Ujerumani yenye mvua na joto la nyuzi 8, litaonekana kuyumba na litaisha upesi. Ukilipeleka la Ujerumani Winnipeg, barafu ya Januari italishinda.

Alama ya mlima haikutenganishii aina hizi mbili, kwani inahusu theluji na si barafu. Ukiwa Ulaya una msaada: tangu Mei 2021 lebo ya tairi ya Umoja wa Ulaya ina alama ya pili kwa tairi lililopimwa kwenye barafu. Ukiishi Uswidi au Ufini, hiyo ya barafu ndiyo ya kuitafuta. Ukiwa Kanada au Marekani, mwulize muuzaji waziwazi: hili ni la barafu au ni la mvua na mwendo kasi?

Usifikirie pia kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo barabara inavyoteleza zaidi. Barafu huwa na utelezi mkali inapokaribia sifuri, kwa sababu juu yake kuna maji membamba. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri barafu ni kavu na hushikika kuliko hiyo. Mji ambao joto linapanda na kushuka kupita sifuri kila siku, kama Toronto, unaweza kukutesa kuliko mji wa baridi kali isiyobadilika.

Vipi aliyeko London, Paris au Vancouver, ambako theluji huja mara chache ikaondoka? Huyo anaweza kutosheka na matairi ya mwaka mzima yenye ile alama ya mlima. Michelin walitoa CrossClimate mwaka 2015, na watengenezaji wengine wana ya kwao. Hayavuliwi, hayahifadhiwi popote. Kwa mtu anayeishi ghorofani bila stoo, hilo si jambo dogo. Lakini kwa Minnesota, Manitoba au kaskazini mwa Uswidi, sitakushauri uishie hapo.

4. Nunua manne, hata kama mfuko unalia

Gari dogo kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo inashawishi kununua mawili, kuyafunga mbele na kuokoa nusu ya fedha. Tafadhali usifanye hivyo. Ukikata kona, mbele itashika na nyuma haitashika. Mkia wa gari utakuja mbele, na utajikuta unatazama ulikotoka huku lori likija. Kuyafunga nyuma peke yake nako hakufai: usukani utaugeuza na gari litaendelea mbele moja kwa moja. Fedha zikipungua, afadhali manne ya bei ya kati kuliko mawili ya bei ya juu.

Na lile gari kubwa la shemeji? Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia kuondoka na kupanda mlima. Hakusaidii kusimama, kwa sababu kila gari, dogo kwa kubwa, tayari lina breki kwenye magurudumu yote manne. Anayeondoka haraka kwenye taa kwa matairi ya kiangazi amejinunulia tu mwendo ambao hataweza kuuzuia. Gari dogo, tena, lina faida zake: ni jepesi, kwa hiyo kuna uzito kidogo wa kusimamisha, na injini imekaa juu ya magurudumu yanayovuta.

Mpaka wake upo, na ni tumbo. Theluji ikifika usawa wa tumbo la gari, litaelea juu yake na hakuna tairi litakalosaidia. Siku hiyo subiri barabara isukumwe theluji.

5. Jembamba halina aibu

Vijana wanapenda tairi pana. Kwenye theluji, jembamba ndilo lenye akili. Gari la kilo 1,100 lenye upepo wa psi 32 linagusa ardhi, kwa kila gurudumu, kwenye eneo la takriban sentimita za mraba 120 tu. Tairi pana halikuongezei eneo hilo kwa kiasi unachodhani. Linabadilisha umbo lake tu, likawa fupi na pana. Jembamba hugusa kwa umbo refu: lina theluji kidogo ya kusukuma mbele yake, na hupasua rojorojo mpaka kwenye lami.

Mfano mzuri ni Honda Fit ya kizazi cha pili, iliyouzwa Amerika Kaskazini kuanzia mwaka wa modeli 2009. Ile ya kawaida ilikuja na 175/65R15, na ile ya Sport 185/55R16. Tusome: 175 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, R ni aina ya ufumaji wa ndani, 15 ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 608 na ushee kwa la kwanza, na 610 hivi kwa la pili. Yanalingana. Kwa hiyo mwenye Sport anaweza kufunga majira ya baridi yale ya 15 bila spidomita kudanganya, akapata tairi jembamba, ubavu mrefu unaovumilia mashimo yaliyofichwa na theluji, na kwa kawaida bei ya chini. Corolla nyingi nazo zina uhusiano kama huo kati ya 205/55R16 na 195/65R15.

Kabla ya kushuka kipimo, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha vipimo, na hakikisha rimu ndogo haitagonga breki. Namba ya uzito iliyo baada ya kipimo isipungue ile ya gari lako: 88, kwa mfano, maana yake kila tairi linabeba kilo 560. Herufi ya mwendo inayofuata inaweza kuwa ya chini kuliko ya tairi la kiangazi. T ni kilomita 190 kwa saa na Q ni 160, na kwenye barafu hutazihitaji zote mbili. Ujerumani watakutaka ubandike kikomo hicho mbele ya macho yako kama gari linaweza kukipita.

6. Misumari, kama sheria inaruhusu na kijiji kinahitaji

Kuna matairi yenye vijisumari vya chuma vinavyochomoza kidogo. Kwenye barafu tupu yenye maji juu, hayana mpinzani. Kwenye lami kavu yanapiga kelele, yanachimba barabara na kutoa vumbi. Ndiyo maana barabara ya Hornsgatan mjini Stockholm iliyakataza kuanzia 2010. Ujerumani yamepigwa marufuku karibu nchi nzima, na Minnesota mkazi haruhusiwi kuyatumia. Ukikaa kijijini kaskazini mwa Uswidi, ambako barabara haimwagiwi chumvi, nunua. Ukikaa mjini, tairi laini lisilo na misumari linatosha. Ukiyanunua mapya, kilomita 500 za kwanza endesha taratibu, misumari ikae sawasawa.

7. Uliza tairi lilizaliwa lini

Mtumba wa matairi upo huku pia, na si wote mbaya. Watu huuza magari, hubaki na seti nzima gereji, huiuza rahisi. Ila kagua mambo matatu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza umri. Tafuta neno DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 3623 maana yake wiki ya 36 ya mwaka 2023. Mpira wa baridi hupoteza ulaini wake hata ukikaa stoo bila kutumika, na tairi la baridi lililopita miaka sita mimi silinunui, hata likiwa na kashata za kupendeza.

Pili kina. Sheria za Ulaya zinakubali milimita 1.6 kwa tairi la kawaida, lakini kwenye theluji kiwango hicho hakina maana. Uswidi wanadai 3 wakati wa baridi, Austria 4. Chukua 4 kama mwisho wa tairi, popote ulipo. Tairi jipya la baridi huwa na 8 au 9 hivi, kwa hiyo lenye 5 limebakiza msimu mmoja au miwili, na bei iwe hivyo.

Tatu ubavu. Ukunje kwa mikono. Ukiona nyufa nyembamba, uvimbe, au kiraka cha pancha karibu na ubavu, ondoka.

8. Kuwa na rimu za pili

Ukinunua matairi bila rimu, kila vuli na kila masika fundi atayang'oa kwenye rimu, ayafunge mengine, afanye balansi, na utalipa kila mara. Seti ya pili ya rimu za chuma, hata za mtumba, hujirudishia gharama baada ya misimu michache, na hutaharibu rimu zako nzuri kwa chumvi. Hakikisha matundu ya nati yanalingana: magari madogo mengi, Yaris na Fit nyingi zikiwemo, hutumia 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, lakini usikisie.

Gari jipya kidogo lina vihisi vya upepo ndani ya magurudumu au hupima kwa njia nyingine. Kama lako lina vihisi, uliza gharama yake mapema, vinginevyo taa ya dashibodi itawaka miezi mitano.

Na baada ya kufunga, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha kaza nati tena kwa spana. Hili linasahaulika sana.

9. Fuata kalenda ya serikali, lakini itangulie

Québec sheria inadai matairi yenye alama ya mlima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na faini huanzia dola 200 za Kanada. Uswidi ni Desemba 1 hadi Machi 31, panapokuwa na hali ya baridi barabarani. Ujerumani hakuna tarehe: ukikutwa kwenye theluji, rojorojo au barafu bila matairi ya baridi, faini ni euro 60 na alama moja kwenye rekodi yako, na tangu Oktoba 2024 M+S bila mlima haikubaliki tena. Ontario na Minnesota hakuna anayekulazimisha. Hata hivyo Ontario, tangu Januari 2016, kampuni za bima zinatakiwa kukupunguzia malipo ukifunga matairi ya baridi. Piga simu, dai punguzo lako. Wengi wetu tunaliacha kwa kutojua.

Nunua Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Theluji ya kwanza ikidondoka, foleni ya gereji huwa ya wiki kadhaa, na vipimo vya magari madogo ndivyo huisha mapema.

10. Upepo hupungua wenyewe

Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza psi 1 hivi. Lililojazwa psi 32 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litakuwa na 26 asubuhi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, bila kutoboka. Pima kila mwezi, gari likiwa limepoa, ukifuata kibandiko cha mlangoni. Aliyewahi kuendesha kwenye mchanga wa Wahiba kule Oman anajua kupunguza upepo ili gari lisizame. Ujuzi huo uache mchangani. Kwenye barabara ya theluji tairi lenye upepo mdogo huyumba na mikato yake hujifunga badala ya kuuma.

11. Lijaribu kabla halijakuokoa

Siku ya theluji ya kwanza, tafuta eneo la maegesho lisilo na watu wala nguzo. Nenda kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu. Kama gari lina ABS, pedali itatetemeka mguuni na kutoa mlio wa kukwaruza. Usishtuke ukaachia, endelea kukanyaga na ugeuze usukani kuelekea unakotaka. Rudia ukikata kona. Utajua ni urefu gani gari linahitaji ili lisimame, na barabarani utaacha nafasi hiyo mara kadhaa mbele yako. Mwenzako nyumbani anayeendesha gari hilo hilo naye ajaribu, hasa kama ni majira yake ya kwanza ya baridi.

12. Yavue kwa wakati

Asubuhi zikishazoea kuwa juu ya nyuzi 7, yatoe. Mpira laini huisha haraka kwenye lami yenye joto, na umbali wake wa kusimama kwenye mvua ya kiangazi ni mrefu. Yaoshe chumvi, yakauke, yaweke mahali penye giza na ubaridi, mbali na mota za umeme na mafuta. Yenye rimu yapange moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishe wima. Andika kwa chaki kila moja lilikokuwa, mbele kushoto, nyuma kulia, ili msimu ujao yale yenye kina zaidi yaende nyuma.